Kichwa kinachoanzia kwenye mpira wa mkojo

Kyela, kichwa kikiuma jina lake ni malaria. Hakuna anayepoteza muda kuuliza zaidi. Wilaya imejaa majaruba ya mpunga. Mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe inashuka kutoka milimani na kumwaga maji yake Ziwa Nyasa, mvua haina haraka ya kuondoka, na mbu hawana likizo. Mtu akishika paji la uso, wa kwanza atamwambia "nenda kapime", wa pili atatoa panado mbili zilizofungwa kwenye pindo la khanga, wa tatu atatandika mkeka chini ya mwembe ili mgonjwa ajilaze. Mara nyingi hawakosei.

Lakini tumchukue kijana mmoja wa kufikirika, tuseme wa upande wa Ipinda, aliyeanguka kutoka mchikichini miaka miwili iliyopita na kuvunjika shingo. Mikono yake ina nguvu kidogo, vidole havikunjiki, na kuanzia kifuani kwenda chini hasikii kitu. Mkojo wake unatoka kwa mpira unaoishia kwenye mfuko uliofungwa pajani. Adhuhuri moja kichwa kinaanza kumgonga. Hakiumi kama siku zote, kinagonga, na kila pigo la moyo linapokelewa na pigo la kisogoni. Uso unamfukuta. Jasho linamtiririka shingoni, ilhali miguu ni ya baridi na vinyweleo vya mapaja vimesimama kama vya kuku aliyenyonyolewa. Pua imeziba ghafla. Mama yake anafanya yote ambayo mama mwema angefanya: anamlaza chali, anamfunika, anamwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso, anampa panado, anamtuma mdogo wake akaite boda. Hakuna anayefunua khanga kuutazama mpira, ambao umejikunja chini ya paja tangu alipogeuzwa asubuhi, wala mfuko, ambao haujapata hata tone tangu saa mbili.

Na kumlaza chali ndilo kosa kubwa kuliko yote.

Hali hiyo wataalamu huiita disrefleksia ya neva za kujiendesha. Kiswahili cha mtaani hakijaipa jina, na huenda hapo ndipo tatizo linapoanzia, kwa sababu ugonjwa usio na jina hauulizwi zahanati. Namna unavyofanya kazi si ngumu kuelewa. Ndani ya uti wa mgongo kuna ugwe wa fahamu, njia kuu ya taarifa kati ya ubongo na mwili. Kibofu kikijaa, neva zake hupeleka habari juu kupitia ugwe huo. Kwa aliyeumia, habari inafika kwenye jeraha na kukwama. Lakini kabla ya kukwama imekwisha kuziamsha neva za upande wa chini zinazobana mishipa ya damu. Mishipa ya tumbo na miguu inajibana, damu inasukumwa juu, presha inapanda. Ubongo unaiona hatari kupitia vipimo vyake vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya shingo, nao unafanya kile kilicho kwenye uwezo wake: unapunguza mapigo ya moyo na kupanua mishipa ya uso na kichwa. Ndiyo sababu ya jasho, joto la uso na pua iliyoziba. Amri iliyo muhimu zaidi, ya kulegeza mishipa ya chini, inatumwa lakini haivuki jeraha. Mkulima wa jaruba anaelewa hili bila kuchorewa picha: mfereji umeziba chini, maji yanapanda, na mwenye jembe la kuufungua yuko ng'ambo ya mto ambao daraja lake limechukuliwa na mafuriko.

(Vitabu vingi vya tiba husema uso wa mgonjwa "huwa mwekundu". Viliandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe. Kwa ngozi ya Mnyakyusa wekundu hautaonekana. Tafuta jasho la juu na ubaridi wa chini.)

Wanaopatwa ni walioumia kwenye pingili ya sita ya kifua au juu ya hapo, yaani shingo na nusu ya juu ya mgongo. Kwa kipimo cha macho, ni mtu ambaye ganzi yake inaanzia usawa wa mwisho wa mfupa wa kidari au juu zaidi. Katika kundi hilo tafiti mbalimbali hutaja kati ya asilimia 48 na 90 kuwa wamewahi kupatwa na hali hiyo. Aliyeumia kiunoni hana sababu kubwa ya kuiogopa. Na kibofu si mchokozi pekee, ingawa ndiye wa kwanza kushukiwa. Wa pili ni choo kilichogandamana. Kisha kuna kidonda cha kulalia, ukucha ulioingia nyamani, mkanda uliobana, kokoto chini ya kalio, jipu. Kitu chochote ambacho kingemuuma mtu mzima kuanzia kifuani kwenda chini kinaweza kumpasua kichwa huyu ambaye hasikii kinachomuuma.

Turudi kwa kijana wetu, maana boda imefika. Jinsi mtu aliyepooza kifua na miguu anavyopanda pikipiki ni habari inayotosha makala nyingine: anakalishwa katikati, dereva mbele, kaka nyuma akimkumbatia, mishikaki ileile ambayo imewavunja wengi migongo. Kwa bahati, safari hiyo inamsaidia, kwa sababu imemketisha, na mtu aliyeketi presha yake hushuka kidogo. Zahanati anapokelewa, anachomwa kidole, na kipimo cha malaria kinawekwa mezani kisubiri robo saa yake. Sehemu kama Kyela kipimo hicho kinaweza hata kusoma ndiyo, kwa kuwa watu wazima wa maeneo ya malaria huweza kubeba vimelea bila kuumwa navyo. Muuguzi anafunga mpira wa presha mkononi. Inasoma 140 kwa 90. "Presha si mbaya sana," anasema, na kwa mtu mwingine yeyote kwenye benchi lile angekuwa amesema kweli.

Hapa ndipo penye mtego. Mtu aliyeumia shingo kwa kawaida ana presha ya chini, ile namba ya juu ikiwa kati ya 90 na 110. Ikipanda kwa 20 hadi 40 juu ya kawaida yake, tayari ni dharura. Mwenye 95 kila siku akisoma 140, kichwa chake kimebeba mzigo ambao mishipa yake haikuzoea, na ikiendelea kupanda inaweza kufika 200 na zaidi. Mwisho wa njia hiyo ni degedege, kiharusi au kifo. Tena vyote hivyo vinaweza kutokea kwa sababu ya mpira uliokunjika.

Kuukunjua kunachukua sekunde. Kipimo cha malaria kinachukua robo saa. Mwandishi wa makala haya hasemi malaria isipimwe. Mwenye jeraha la uti wa mgongo anaumwa na mbu kama jirani yake, pengine zaidi, kwa kuwa hasikii anapoumwa mguuni. Anachosema ni kwamba utaratibu ugeuzwe. Kwa mgonjwa huyu mpira utazamwe kwanza, halafu kidole kichomwe.

Elimu hii si mpya hata kidogo. Mwaka 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Henry Head na George Riddoch waliandika London kuhusu askari waliokatika ugwe ambao kibofu chao kikijaa walilowa jasho juu ya jeraha. Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyewakimbia Wanazi wa Ujerumani, alifungua kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo Stoke Mandeville, Uingereza, wakati ambapo majeruhi wa aina hiyo walitarajiwa kufa mapema kwa vidonda na kuoza figo. Yeye na David Whitteridge walitangaza mwaka 1947 matokeo ya vipimo vyao: jaza kibofu cha mtu aliyeumia ugwe juu, presha inaruka, kimwage, inashuka. Guttmann huyohuyo ndiye aliyeanzisha michezo ya viti vya magurudumu mwaka 1948 iliyokuja kuwa Paralimpiki. Na kwenye michezo hiyo kuna ushahidi wa ajabu wa nguvu ya hali hii: wapo wanariadha waliogundua kwamba presha ikipanda wanakwenda kasi zaidi, wakaanza kuubana mpira wa mkojo kwa makusudi au hata kujivunja kidole cha mguu kabla ya mashindano. Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki iliupiga marufuku ujanja huo mwaka 1994. Kwa hiyo kuna watu duniani wanaoijua hali hii vizuri kiasi cha kuichezea, na kuna wahudumu wa afya ambao hawajawahi kuisikia.

Mwigizaji wa filamu za Superman, Christopher Reeve, alianguka kutoka kwenye farasi mwaka 1995 akaumia pingili za juu kabisa za shingo. Alikuwa na fedha, wauguzi wa zamu usiku na mchana, na mashine ya kupumulia. Alifariki Oktoba 2004 akiwa anatibiwa kidonda cha kulalia kilichoingia maambukizi. Anatajwa hapa kwa sababu moja tu: mambo yanayowaua watu hawa kwa kawaida ni madogo, ya shuka, ngozi, choo na mkojo.

Afrika Mashariki ina majeruhi wa kutosha kulizungumzia jambo hili. Utafiti wa kumbukumbu za hospitali ya KCMC, Moshi, uliochapishwa mwaka 2017, ulikadiria kwamba mkoani Kilimanjaro zaidi ya watu 26 katika kila milioni huumia ugwe wa mgongo kila mwaka kwa ajali, kuanguka kukiongoza na ajali za barabarani zikifuata. Kyela haina hesabu ya namna hiyo, lakini mwenye macho anajua wanaanguka kutoka wapi: kwenye miembe wakati wa maembe, kwenye michikichi ya mawese, kwenye mapaa, na kwenye pikipiki zinazoteremka kona za barabara ya Tukuyu kuelekea Kasumulu. Wengine hawakuanguka kabisa. Kifua kikuu kimewala mifupa ya mgongo taratibu mpaka ikakaa juu ya ugwe. Moshi kuna chama cha watu walioumia uti wa mgongo, KASI. Nairobi kuna hospitali ya taifa iliyotengwa kwa ajili yao, na hata huko haitoshi: Juni 2012 Zack Kimotho, daktari wa mifugo aliyepooza baada ya kupigwa risasi na majambazi, alitoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akielekea Afrika Kusini ili kuchangisha shilingi milioni 250 za Kenya za kujenga kituo cha tiba rekebishi. Majeruhi wa Kyela akihitaji upasuaji mkubwa wa mgongo anaweza kujikuta Taasisi ya Mifupa Muhimbili, zaidi ya kilomita 900 kutoka nyumbani. Akirudi, anarudi na barua ya rufaa, picha za eksirei kwenye bahasha kubwa, na mama.

Huyo mama hakupewa somo la kichwa. Alifundishwa kumgeuza kila saa mbili, na kama alibahatika alifundishwa kuosha mikono kabla ya kugusa mpira.

Kwa wanawake walioumia wenyewe suala ni zito zaidi. Uchungu wa kuzaa ni mmoja wa wachokozi wakubwa wa hali hii. Mama aliyepooza anafika wodi ya wazazi, kichwa kinagonga, presha imeruka, na akili ya kila mkunga inakwenda kwenye kifafa cha mimba. Dalili zinafanana kiasi cha kumchanganya hata mzoefu, ingawa kwa mwenye jeraha la juu presha mara nyingi hupanda na kushuka pamoja na kila uchungu. Wodi hiyohiyo, kwa bahati nzuri, ndiyo yenye nifedipini ya kushusha presha haraka, dawa ambayo tabibu anaweza kuitumia pia kwa kijana wetu iwapo mpira umekunjuliwa, choo kimetazamwa, na presha bado imekaa juu.

Si kila kichwa cha mtu huyu ni dharura, na kusema vinginevyo kungekuwa kumtisha bure. Vipo vinavyoanzia shingoni na mabegani. Kiti cha magurudumu kilichotengenezwa kwa ajili ya sakafu ya hospitali, chenye vigurudumu vidogo mbele, hakikujua kwamba kitasukumwa kwenye mchanga wa Matema au tope jeusi la Machi. Kila hatua ni vita. Kigurudumu kinazama, mwenye kiti anainama mbele, anavuta kwa mabega ambayo hayakuumbwa kuwa miguu, na shingo yenye vyuma ndani inakaza kama kamba ya ngalawa. Akitaka kwenda gulio la Jumamosi la vyungu vya Wakisi pale Lyulilo, atafika na kichwa kizima kinavuta kuanzia kisogoni. Hicho hakigongi, kinabana. Dawa yake ni kupumzisha mabega na kupata kiti chenye magurudumu mapana. Kingine ni kichwa cha alfajiri, cha mtu anayekata pumzi usingizini, jambo la kawaida kwa walioumia shingo. Anayelala naye chumba kimoja ndiye wa kuulizwa.

Na kipo kichwa kinacholetwa na dawa za kichwa. Anayemeza panado siku 15 au zaidi kila mwezi kwa miezi mfululizo huweza kujitengenezea kichwa kisichoisha, kinachotulia kidogo kwa kidonge na kurudi kidonge kikiisha nguvu. Kwa nini ameze nyingi hivyo? Kwa sababu kichwa ni sehemu tu ya maumivu yake.

Karibu theluthi mbili ya watu wenye jeraha la ugwe huishi na maumivu sugu. Kwa karibu nusu ya wote, maumivu hayo yanatoka kwenye neva zenyewe. Hapa kuna jambo ambalo familia nyingi haziwezi kulimeza: miguu isiyosikia kisu inaungua. Ukimpitishia unyoya kwenye wayo hajui. Usiku uleule analia kwamba nyayo ziko juu ya mkaa. Ndugu wanaanza kutazamana. Mmoja anasema anadeka. Mwingine anafurahi, akidhani neva zimeanza kufufuka na kesho kijana atasimama, na furaha hiyo inaumiza kuliko shutuma. Wa tatu ananong'ona kuhusu mtu fulani aliyemwonea wivu. Ukweli ni mkavu zaidi: neva zilizokatika huendelea kupiga kelele zenyewe, na ubongo, usiopata habari nyingine kutoka kule chini, unazisikiliza.

Wahudumu humuuliza mgonjwa wa aina hii aseme maumivu yake kwa namba, kuanzia sifuri hadi kumi. Anasema nane. Nane ya nini? Kiswahili kina utajiri ambao hakuna karatasi ya namba itakayoufikia, na kwa ugonjwa huu utajiri huo ni kipimo. Maumivu ya neva hayaumi tu. Yanaunguza, yanachoma, yanawasha kwa ndani, yanarusha kama umeme, yanatembea kama siafu, au ni ganzi inayouma. Misuli inavuta, inakaza, inabana. Tumbo linanyonga. Kichwa cha presha kinagonga au kinapwita, na cha uchovu wa shingo kinavuta. Muuguzi akiliacha neno "kuuma" na kuuliza "linaumaje?", mgonjwa asiyejua kusoma atampa nusu ya utambuzi kwa kitenzi kimoja. Wazee wanaofikiri zaidi kwa Kinyakyusa waachwe waseme kwa Kinyakyusa, na binti yao atafsiri.

Umuhimu wa kitenzi ni kwamba maumivu yanayounguza hayasikilizi panado. Diklofenaki nayo haiyagusi, lakini huchokoza tumbo na figo, na figo ndizo viungo ambavyo mtu anayekojoa kwa mpira anapaswa kuvilinda kuliko vyote. Dawa inayoweza kusaidia ni amitriptilini kwa kiasi kidogo usiku, kidonge cha zamani kilicho kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu. Tatizo lake la kwanza ni sifa yake: ni dawa ya sonona, na mtu akimnong'oneza mama kwamba mwanae amepewa "dawa ya vichaa", pakiti inaishia chooni. Tatizo la pili ni la mwili. Amitriptilini hukausha kinywa, hufanya choo kiwe kigumu, na huweza kuzuia mkojo. Tramadoli na mofini nazo hufunga choo.

Fuatilia mnyororo huo. Miguu inaungua, kinatolewa kidonge, kidonge kinafunga choo, choo kinagandamana, siku ya nne presha inaruka na kichwa kinagonga, mgonjwa analazwa chali na kupewa dozi ya malaria. Kila aliyehusika amefanya kazi yake, na hakuna aliyeshika nyuzi zote kwa wakati mmoja. Tabibu anayeandika amitriptilini kwa mtu huyu bila kuuliza ratiba ya choo ameandika nusu ya tiba. Papai, maji, maharage na saa maalumu ya choo ni sehemu ya dawa hiyo, si mapambo yake.

Kinachopendekezwa hapa ni kidogo kiasi kwamba mtu anaona haya kukidai. Kila aliyeumia ugwe kwenye shingo au kifua cha juu asiruhusiwe kutoka hospitali bila kadi. Iwe karatasi ngumu ya ukubwa wa kitambulisho, kwa Kiswahili, ikieleza mahali alipoumia, presha yake ya kawaida ni ngapi, na kwamba kichwa kikigonga pamoja na jasho la juu ya jeraha aketishwe wima, miguu ishushwe, nguo na mikanda vilegezwe, mpira ukunjuliwe au ubadilishwe, na choo kitazamwe, huku presha ikipimwa kila baada ya dakika chache. Nchi kadhaa zina kadi za namna hiyo. Mstari wa mwisho uwe wa mhudumu: muulize mgonjwa kama ametumia dawa za nguvu za kiume, kwa kuwa zinagombana vibaya na baadhi ya dawa za kushusha presha. Watu waliopooza nao wana ndoa. Aibu ya swali hilo isiwe sababu ya mtu kufa.

Watakuwapo wa kuuliza kwa nini wilaya yenye malaria, kipindupindu na upungufu wa watumishi ihangaike na wagonjwa wachache. Jibu ni kwamba kazi hii haihitaji mtumishi mpya. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao serikali ilizindua mpango wao mpya mwaka 2024, tayari wanatakiwa kupita nyumba kwa nyumba. Nyumba yenye kiti cha magurudumu inajulikana na kijiji kizima. Somo la kichwa kinachogonga linafundishika asubuhi moja, kwa mpira halisi, mfuko halisi na mama mmoja ambaye ameshayapitia. Huyo mama ndiye awe mwalimu. Kitu kimoja ambacho wahudumu wa Hospitali ya Wilaya ya Kyela, ya Kilutheri Matema, na zahanati zote zilizo kati yao wanaweza kuanza kesho bila waraka wowote ni kumwamini mgonjwa anaposema, "Hii si malaria, naijua." Aliyeishi na shingo iliyovunjika miaka mitano ameliona jambo hili mara nyingi kuliko daktari aliyemaliza chuo mwaka jana.

Serikali nayo ina deni lake, na si la hisani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa haki ya huduma za afya na utengemao, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Swali la kuwauliza wanaopanga kitita cha bima ni dogo: mpira wa mkojo umo? Mpira wa lateksi unatakiwa kubadilishwa kila baada ya wiki chache, wa silikoni unaweza kufika wiki 12, na familia inayojinunulia itausukuma mbele kila mara hadi uzibe. Ukiziba, yanaanza yale ya adhuhuri chini ya mwembe.

Kwa msomaji ambaye nyumbani kwao yupo mtu wa namna hii, kadi isingojewe. Leo jioni, akiwa mzima na ametulia, apimwe presha kwenye duka la dawa au zahanati iliyo karibu, na namba hiyo iandikwe ukutani juu ya kitanda chake kwa kalamu nene. Kichwa kikianza kugonga, mketishe kwanza. Kisha funua khanga, na uufuate mpira kwa vidole kuanzia mwilini hadi kwenye mfuko.